Baridi ya Mbeya haimkingi broila na sumukuvu

Msimu huu wa mavuno, ingia duka lolote la pembejeo kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako na Mafinga, hukosi kuona paketi za kifunga sumu, unga unaochanganywa na chakula cha kuku ili ushike sumu ya ukungu, kwenye rafu. Si zamani sana bidhaa hii ilikuwa ya viwanda vya chakula cha kuku. Leo mwenye broila (kuku wa nyama) mia mbili nyuma ya nyumba anapimiwa kwa kijiko, akachanganye na mahindi aliyosagisha mwenyewe. Chanzo chake kinaeleweka: bei ya chakula cha viwandani imewasukuma wafugaji wengi kuchanganya nyumbani, na elimu ya sumukuvu, yaani sumu zinazotolewa na kuvu, iliyoenezwa nchini baada ya vifo vya mwaka 2016 imewafikia. Maofisa mifugo ninaozungumza nao wanafurahi, wanasema wafugaji wameamka. Nakubaliana nao nusu. Tumeamka kweli, ila tumeshika mkia tukidhani ni kichwa.

Hoja yangu ni hii. Kifunga sumu kinachouzwa zaidi madukani ni udongo, na udongo huo unashika vizuri sumu ya aina moja, aflatoksini. Katika mikoa yetu ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, mahindi hubeba pia sumu za aina nyingine ambazo udongo huo unaziacha zipite zilivyo. Kwa hiyo mfugaji anayenunua mahindi yasiyokauka, pumba zisizojulikana zilikotoka na mashudu yaliyoota ukungu, halafu akategemea kijiko cha kifunga sumu kimwokoe, amelipa mara mbili: amelipia sumu, kisha amelipia dawa isiyoihusu sumu hiyo. Faida yake huokolewa au hupotea siku ya kununua malighafi, kabla mashine haijawashwa.

Inasaidia kukumbuka sumu hii ilivyojulikana. Mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa batamzinga wapatao laki moja ndani ya miezi michache, na kwa kuwa hakuna aliyejua chanzo, ugonjwa ukaitwa ugonjwa X. Uchunguzi ulifuata nyayo hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazili, yaliyokuwa yameota kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Jina aflatoksini limeundwa kutokana na jina la kuvu hiyo. Yaani aflatoksini ilijulikana kwa mara ya kwanza kwenye chakula cha ndege wa kufugwa, na kwenye mashudu. Kwetu habari zilikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 2016 watu 68 waliugua Dodoma na Manyara kutokana na mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao wakafariki. Kenya ilishaonja msiba mkubwa zaidi mwaka 2004, watu 125 walipofariki, wengi wao Makueni na Kitui. Machi 2021 Kenya hiyohiyo ikazuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda, kisha ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi maikrogramu 10 kwa kilo. Matukio haya yote yalivuta macho kwenye aflatoksini na kwenye ugali, na msiba wetu wenyewe ulitokea nchi ya joto na ukame. Ndiyo maana kichwani mwa mtu wa Njombe au Mbeya neno sumukuvu lina sura ya Kondoa na Kiteto.

Sura hiyo inatudanganya. Kuvu zinazotoa sumu ni za jamii nyingi, na kila jamii ina hali ya hewa yake. Aspergillus inapenda joto na mmea uliochoshwa na ukame. Fusarium inapenda unyevu, tena haichukii ubaridi. Sasa fikiria shamba la mahindi la Mufindi au Njombe. Mvua zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mahindi ya muda mrefu yanabaki shambani yakisubiri kukauka, na asubuhi badala ya jua unakuta umande na mawingu yaliyolala juu ya mabua. Funza wa mabua ameshatoboa, ndege wameshadonoa ncha. Menya hindi kama hilo: mara punje za pinki zilizotawanyika huku na huko, mara punje zenye michirizi myeupe kama nyota, mara ncha nzima imegeuka nyekundu na utando umeigandisha kwenye ganda. Hiyo ni kazi ya Fusarium, na sumu zake kuu ni fumonisini na ile iitwayo deoksinivalenoli, ambayo wataalamu huifupisha DON. Kibaya zaidi, punje inaweza kubeba fumonisini na bado ikang'aa kama mbegu ya dukani. Aliyezoea kuamua kwa macho ataipitisha bila wasiwasi.

Wala si kweli kwamba eneo letu lote ni baridi. Usangu, Pawaga na Kyela ni joto. Ismani, iliyokuwa ikitajwa kwa mahindi tangu enzi za wazee wetu, ni nchi ya mvua haba, na mahindi yaliyopigwa na ukame ndiyo Aspergillus inayoyapenda. Mpakiaji wa Makambako akijaza lori hatenganishi gunia la Ismani na la Ludewa. Mashudu ya alizeti husafiri kutoka Singida na Dodoma, ya pamba hutoka Kanda ya Ziwa, dagaa hutoka Mwanza, na vyote hukaa stoo kwa muda usiojulikana kabla ya kufika kwa mfugaji. Kuku anayelelewa Uyole kwa hiyo anakula hali ya hewa ya mikoa minne katika chano kimoja, na baridi ya Mlima Loleza haimsaidii chochote.

Nataka nikae kidogo kwenye pumba, kwa sababu hapa ndipo ninapoona tumefumba macho zaidi. Mahindi yanapokobolewa, sehemu kubwa ya sumu hutoka pamoja na ganda la punje, kiini na chenga, maana kuvu hushambulia kutokea nje na hupenda punje dhaifu. Hivyo anayekula sembe nyeupe anakingwa kwa kiasi fulani kuliko anayekula dona iliyosagwa bila kuchambuliwa, na hilo kwa mlaji ni jema. Lakini sumu haijafa. Imehama kutoka kwenye sufuria ya ugali kwenda kwenye kiroba cha pumba, imesongamana humo kuliko ilivyokuwa kwenye mahindi mazima, na kiroba hicho kinapimwa na kuuzwa kwa mfugaji. Fomula nzuri ya broila huwa na mahindi mazima asilimia 55 hadi 65, na pumba huwa kidogo sana kwa sababu kuku wa nyama anahitaji nishati nyingi. Ila mahindi yakipanda bei Januari na Februari, fomula hubaki ukutani. Ndoo ya mahindi hupungua, ndoo ya pumba huongezeka, na kuku ndiye anayekula kile ambacho mashine ilikitoa ili mwenye nyumba asikile. Iko pia desturi ya nyumbani, ya kuchambua mahindi uani: mazuri ya ugali, yaliyovunda na chenga ni "ya kuku", mengine yanakwenda kwenye komoni, pombe ya kienyeji. (Anayetengeneza komoni naye ajue kwamba kuchemsha na kuchachusha haviondoi sumu hii. Na mwenye punda asimpe mahindi ya pinki hata kidogo, kwa sababu fumonisini humwozesha punda na farasi ubongo.)

Kuna jambo moja kuhusu broila ambalo likieleweka vizuri, mengi yatanyooka. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imepanga viwango vya aflatoksini kwenye mahindi ya mifugo kwa kufuata umri na matumizi: maikrogramu 20 kwa kilo kwa wanyama wachanga, 100 kwa kuku waliokomaa, hadi 300 kwa ng'ombe wanaonenepeshwa kabla ya kuchinjwa. Mantiki yake ni kwamba ini la mnyama mkubwa linahimili zaidi. Sasa broila anachinjwa akiwa na wiki tano au sita. Uzito wake ni wa kuku mkubwa, lakini umri wake ni wa kifaranga. Maisha yake yote, tangu anatoka kwenye boksi hadi anaingia sufuriani, ni mnyama mchanga. Kwa hiyo ule usemi wa "kuku wa kienyeji wanakula mahindi hayahaya na wako salama" hauna uzito hapa. Kuku wa kienyeji wa mwaka mmoja, anayechanganya na wadudu na majani, si kipimo cha broila wa siku 20 anayekula chakula kimoja usiku na mchana na kuongeza uzito kila siku.

Hoja ninayoisikia mara nyingi zaidi ni kwamba kuku hawafi. Mfugaji anasema mimi nimetumia mahindi haya miaka mitatu, sijawahi kuokota kuku kumi kwa siku, sasa sumu iko wapi? Ni hoja yenye msingi wa kuheshimiwa, kwa sababu kweli kuku ni wavumilivu kuliko batamzinga na bata kwa aflatoksini, na kwa fumonisini wanavumilia kiasi ambacho kingemuua punda. Lakini kifo ni kipimo kibovu cha hasara. Chukua broila 500 waliofikishwa kilo 1.8. Kama wangekula kilo 1.7 za chakula kwa kila kilo ya uzito, na badala yake wakala kilo 1.9 kwa sababu ini na utumbo havifanyi kazi sawasawa, kila kuku ameongeza gramu 360 za chakula. Kwa kuku 500 hiyo ni kilo 180, mifuko mitatu na nusu ya kilo 50 na zaidi kidogo. Hakuna kuku aliyekufa, lakini faida ya banda imeliwa. Na wakati chakula kinabeba karibu theluthi mbili ya gharama zote za kufuga broila, hakuna mahali pengine pa kuifidia.

Mwezi wa saba mwaka jana jirani yangu mmoja, mama anayefuga broila 300, aliniita bandani kwake. Kuku walikuwa na siku 26, wengine wakubwa, wengine kama wa siku 15, na vifo viwili vitatu kila asubuhi. "Kaka, gumboro nimechanja zote mbili, tarehe zilezile, maji ya chanjo nimeweka maziwa kama ulivyosema." Tulipasua wawili waliokufa usiku. Ini lilikuwa la njano iliyofifia, limevimba, likimeguka kwa kidole kama ugali uliolala. Chini ya ngozi ya mapaja kulikuwa na damu iliyovilia bila kuku kugongwa popote. Ini la njano peke yake si hukumu, maana mafuta hujaa kwenye ini kwa sababu nyingine pia. Lakini aflatoksini hulemaza ini, hupunguza uwezo wa damu kuganda na hudhoofisha kinga ya mwili, kiasi kwamba chanjo iliyotolewa kwa usahihi kabisa haijengi ulinzi uliotarajiwa. Tulipoinua kiroba cha chakula kilichokuwa kimeegemea ukuta, pembe ya chini ilikuwa bonge moja la kijivu na kijani, na harufu yake ilitufanya wote wawili tugeuze uso. Kijiko cha kifunga sumu kilikuwemo humo tangu siku ya kwanza.

Sumu za Fusarium nazo zina njia yake ya kimyakimya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2014 kwamba broila waliolishwa DON kwa kiasi kilicho chini ya kikomo cha ushauri cha Ulaya, yaani miligramu 5 kwa kilo, walipata zaidi ugonjwa wa kuoza utumbo unaoletwa na bakteria Clostridium perfringens. Sumu yenyewe haikuua. Ililegeza ukuta wa utumbo, bakteria akapata chakula na nafasi. Mfugaji anachokiona ni kuhara na maranda yaliyolowa, hivyo anakimbilia antibayotiki. Kuku wanatulia siku tatu, hali inarudi, ananunua nyingine yenye nguvu zaidi. Ninaamini sehemu ya antibayotiki tunazomwaga kwenye mabanda ya mikoa hii zinatibu chakula kibovu, na usugu wa dawa tunaoujenga hivyo utakuja kutugusa sisi wenyewe hospitalini.

Turudi kwenye kifunga sumu, na nisieleweke vibaya: si utapeli. Umoja wa Ulaya uliidhinisha udongo wa bentonaiti mwaka 2013 kama kipunguza aflatoksini kwenye chakula cha wanyama wanaocheua, kuku na nguruwe, baada ya kupitia ushahidi. Inafanya kazi kwa sababu umbo la aflatoksini ni bapa, linaingia katikati ya tabaka za udongo kama karatasi kati ya kurasa za daftari, likatoka na kinyesi bila kufyonzwa. Umbo la DON na la fumonisini halishikiki hivyo. Vipo vimeng'enya vinavyovunja fumonisini ndani ya utumbo, na Ulaya imeviidhinisha, lakini hivyo ni bidhaa nyingine na bei nyingine, na paketi ya udongo haiwi kimeng'enya kwa kuandikwa "sumu zote" juu yake. Marekani kwa upande wao hawajaidhinisha bidhaa yoyote kwa dai la kufunga sumukuvu. Udongo huo wanauruhusu kwa kazi nyingine, kama kuzuia chakula kisigande. Na kuna tahadhari ambayo sijasikia ikitajwa dukani hata mara moja: kibali cha Ulaya kinasema bentonaiti isitumike pamoja na antibayotiki za kundi la makrolaidi zinazotolewa kwa njia ya mdomo. Tailosini, ambayo wafugaji wetu hutibia mafua, ni ya kundi hilo. Mfugaji anaweza kuwa anaweka udongo kwenye chakula na tailosini kwenye maji wiki hiyohiyo, kisha akalaumu tailosini kuwa feki.

Kwa hiyo kifunga sumu kina nafasi yake pale ambapo kuna sababu ya kuhofia aflatoksini, kwa mfano ukilazimika kutumia mashudu yaliyokaa, na kwa kipimo cha mtengenezaji, si kwa kijiko cha kukadiria. Kikiwa nyongeza, sawa. Kikiwa kinga pekee, ni mlango wa mbele wenye kufuli huku wa nyuma uko wazi.

Hoja dhaifu kuliko zote, na bado ndiyo inayorudiwa kwenye kila mkusanyiko wa wafugaji, ni kwamba mahindi yakishaota ukungu unayaanika tena juani, au unayakaanga kidogo, sumu inakwisha. Jua linaua kuvu, kweli. Linaondoa pia harufu na ule unga wa kijani. Lakini aflatoksini haivunjiki hadi joto lipite nyuzi 200 na zaidi, na jua la Iringa halifiki huko, wala sufuria ya maji. Unachofanya ni kufuta alama zilizokuwa zikikuonya na kuiacha sumu ilipo. Ndugu yake ni kuchanganya gunia bovu na magunia matano mazuri ili "ipungue makali". Hesabu yake inaonekana nzuri, ila sumukuvu haijatawanyika sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Punje chache zinaweza kubeba mzigo wote wa gunia. Anayechanganya bila kupima hajui kama amepunguza sumu au ameharibu magunia matano yaliyokuwa salama. Ulaya wamepiga marufuku mchanganyiko wa namna hiyo hata kwa wenye maabara, na sisi wafugaji hatuna maabara.

Hoja nzito ni nyingine, nami sina jibu jepesi kwake. Mkulima wa Rungwe au Kilolo mwenye magunia 20 ambaye manne yameharibika hawezi kuambiwa ayatupe. Hayo manne ni ada ya mtoto. Na tunapokaza viwango vya chakula cha binadamu, kama ilivyotokea mpakani mwaka 2021, kila kilo inayokataliwa inatafuta mlango mwingine, na mlango uliozoeleka ni chakula cha mifugo, kwa sababu huko hakuna anayeuliza. Hapa viwango vya Wamarekani vinatufundisha jambo la busara: yaliyochafuka kwa kiasi yaende kwa mnyama mkubwa anayekaribia kuchinjwa, kamwe yasiende kwa ng'ombe wa maziwa, maana aflatoksini hupita kwenye maziwa, wala kwa nguruwe wadogo, wala kwa broila. Hilo halimfidii mkulima bei yote. Linampa mahali pa kuyapeleka ambapo hasara ni ndogo kuliko bandani kwa jirani yake. Lakini linahitaji kupima, na linahitaji muuzaji aseme ukweli, na soko letu kwa sasa halimlipi mtu kwa kusema ukweli.

Linamlipa kwa maji. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 lina kilo 82 za mahindi makavu, mengine yote ni maji. Likianikwa hadi asilimia 13.5, kiwango ambacho kuvu haziwezi tena kustawi, litabaki na kilo 95 hivi. Mkulima aliyeanika amepoteza kilo tano za kuuza, ametumia turubai, siku za jua na mtoto wa kufukuza mbuzi, halafu analipwa bei ileile ya kilo na aliyeleta mabichi. Kwa nini aanike? Tunanunua mwezi wa sita na wa saba kwa kuwa bei iko chini, na ndio wakati mahindi ya nyanda za juu yana maji mengi zaidi. Tukishayapakia stoo yakiwa hivyo, joto la gunia lenyewe linaamsha zile kuvu za ghalani, dumuzi anafuata na kutoboa, na aflatoksini iliyokuwa haipo shambani inazaliwa mikononi mwetu.

Kipimo cha unyevu cha umeme kipo, lakini hata asiye nacho ana chupa na chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, weka punje hadi robo, ongeza kijiko kikubwa cha chumvi iliyokaushwa juani, tikisa dakika chache, acha itulie dakika kama kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Ikiteleza yote na kubaki chini, nunua. Kung'ata kwa jino, tunakokutegemea sana, hakutofautishi 14 na 17, na hapo ndipo penye vita. Baada ya hapo ni mambo yanayojulikana: kupepeta na kuondoa chenga, chaga chini ya magunia, mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa kwa mahindi yaliyokwisha kukauka (ukiweka mabichi humo umeyavundika), kusaga kidogo kidogo cha kutosha wiki mbili.

Bandani pia kuna kosa letu la ubaridi. Juni na Julai tunafunga mapazia ya turubai kuanzia juu hadi chini na kuwasha majiko ya mkaa ili vifaranga wasigandamane. Hewa ya ndani inajaa mvuke wa pumzi na wa maranda, bati la juu ni la baridi, na alfajiri matone yanadondoka. Ukiweka kiroba cha chakula kilichofunguliwa chini ya tone hilo kwa siku nne, mahindi yaliyopita mtihani wa chumvi hayatakusaidia. Chakula kikae chumba kingine, na pazia liachwe wazi kiganja kimoja juu.

Kuhusu serikali, nitasema machache. Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ipo tangu 2010, na inamtazama mtengenezaji na muuzaji wa chakula. Haimfikii anayechanganya uani, wala mashine ya kukoboa inayouza pumba kwa kiroba, na huko ndiko biashara ilikohamia. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lina ofisi ya kanda Mbeya na Wakala wa Maabara ya Veterinari ina kituo Iringa. Kama moja ya taasisi hizi ingefungua dirisha la kupima sampuli za pumba na mashudu kwa bei ambayo kikundi cha wafugaji kinaimudu, na ikatangaza kila mwezi ilichokikuta bila kutaja majina, tungejua ndani ya msimu mmoja kama tatizo letu kubwa ni fumonisini ya Njombe au aflatoksini ya mashudu, na tungeacha kununua dawa kwa kubahatisha. Mpaka hapo, vikundi vinaweza kununua vipimo vya haraka vya ukanda kwa pamoja, mradi sampuli ichotwe kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, ichanganywe na kusagwa kabla ya kupimwa. Konzi moja ya gunia la juu haipimi chochote.

Mtaani kwetu tumekubaliana wafugaji saba, yule mama akiwemo, kununua mahindi ya miezi sita kwa pamoja mwishoni mwa Agosti badala ya kila mtu kukimbilia ya Juni. Pumba tumeziondoa kabisa kwenye chakula cha kuanzia. Wauzaji wetu wa Mbozi tumewaambia tutaongeza bei kwa kila gunia litakalopita kwenye chupa ya chumvi, na tutalipa kwa kilo iliyo kavu. Watatu walicheka wakaondoka. Wawili waliuliza wakaanike siku ngapi, wakaomba tuwaonyeshe ile chupa.